Kutoboa boriti fasi nyembamba: linda mkono, linda nyumba



Fundi wa maji anatumwa kupitisha tiyo chini ya sakafu ya mbao ama juu ya plafo. Analala mgongo, hata kukunja mkono ni shida. Anashika mashini, anatoboa, tiyo inapita, kazi imeisha. Lakini boriti ingali na nguvu? Na yeye mwenyewe atatoka mzima?

Tuanze na boriti. Inapobeba uzito, upande wake wa juu unafinywa, upande wa chini unavutwa. Katikati ya kimo chake nguvu hizo ni ndogo. Ndiyo sababu tundu linatobolewa katikati, hapana juu, hapana chini. Anayekata upande wa chini ili tiyo ilale vizuri anakata nyuzi za mti zinazobeba sakafu.

Kwa boriti ya mti mzima, mafundi wanafuata kipimo hiki: tundu lisipite robo ya kimo cha boriti. Boriti ya milimetri 200 inapokea tundu la milimetri 50, si zaidi. Kama urefu wake toka ukuta hata ukuta ni metri 4, toboa kati ya metri 1 na metri 1,60 toka ukutani. Kati ya tundu na tundu acha mara tatu ya upana wa tundu. Tiyo ya milimetri 100 haiwezi kupita humo: mwambie kapita, itafutwe njia ingine.

Sasa mashini. Meshi pana ikikamatwa na msumari ama fundo la mti, inasimama ghafula, na mashini inageuka pamoja na mkono. Fasi nyembamba mkono unabanwa kwenye boriti ya pili, na mfupa unavunjika. Tumia mashini ya kichwa kifupi kilichopindika, mwendo wa polepole, na mushikio wa pembeni. Usifunge kidude cha kuwashia: ukiachilia kidole, mashini isimame. Hapana kuvaa glove pana wala mikono ya shati inayoning’inia.

Umeme wa volti 220 ni hatari zaidi kwa mutu aliyelowa jasho na kulala juu ya tiyo za chuma. Chukua mashini ya bateri. Mbele ya kutoboa, angalia nyuma ya boriti: kama nyuzi za umeme zinapita, umeme ukatwe na kufuli iwekwe.

Vumbi nalo linaua, lakini polepole. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na amianti katika mabati ya simenti, katika plafo ama katika kitu kilichozungushwa kwenye tiyo. Amianti inaleta kansa ya mapafu, na ugonjwa unaweza kutokea kisha miaka 20 ama 40. Ukiwa na shaka, usitoboe, usifagie. Simama, uite watu wa usalama. Kwa vumbi la mti, vaa maski na miwani.

Mwisho, usiingie peke yako. Chini ya mabati joto linapanda haraka. Mwenzako abaki mlangoni, akuite mara kwa mara, na ajue fasi ya kukata umeme.

Kapita, usimharakishe mutu aliyelala chini ya sakafu. Tiyo inaweza kungoja hata kesho. Mkono uliovunjika utakosekana kazini na nyumbani.