Barafu hutema sukari: hesabu kwa mkamuaji wa mabibo

Kila msimu wa korosho, kuanzia Namungo wilayani Ruangwa hadi vijiji vya Nachingwea, mkulima huondoka na korosho akaacha mabibo. Machache hukamuliwa uraka. Mengi huozea chini ya mikorosho. Bibo halikai. Siku ya pili baada ya kudondoka limeshaanza kuchacha, na juisi yake ni hivyo hivyo.

Mwenye jokofu anaweza kuigandisha juisi hiyo kwenye vifuko na kuuza barafu, kama wanavyofanya wa ukwaju na ubuyu. Tatizo wauzaji hao wanalijua: mtoto ananyonya mara tatu nne, utamu umekwisha, mkononi kimebaki kipande cheupe kisicho na ladha. Mama yake anadhani muuzaji amebana sukari. Mara nyingi hakubana.

Maji yanapoganda hujipanga kwa namna isiyoacha nafasi ya sukari wala chumvi. Barafu huanzia upande wenye baridi na kusonga, ikiisukuma sukari mbele yake. Juisi yenye sukari huanza kuganda chini kidogo ya nyuzi sifuri, na kadiri inavyozidi kuwa tamu ndivyo inavyodai baridi kali zaidi.

Mwaka 1964 Wamarekani Mullins na Sekerka, wakichunguza metali zilizochanganywa, walionyesha kwa hesabu kwamba uso wa kitu kinachoganda taratibu hubaki bapa, lakini ukiharakishwa huota vidole. Tangu Ryo Kobayashi wa Japani alipochapisha kazi yake mwaka 1993, kompyuta huchora vidole hivyo vikitoa matawi. Katikati ya matawi ndipo sukari hunaswa.

Kwa hiyo anayetaka barafu yenye ladha moja aigandishe haraka: vifuko vyembamba, visibanane, jokofu liwe limeshapoa. Anayetaka juisi nzito agandishe taratibu, kisha aliweke bonge juu ya chujio. Matone ya kwanza ndiyo matamu kuliko yote.

Je, njia hii ya pili inalipa? Kugandisha kilo moja ya maji yaliyofika nyuzi sifuri ni kuondoa kilojuli 334 za joto. Kuyageuza mvuke yakishachemka ni kilojuli 2,260. Lakini kuni za kuokota hazina LUKU, na sukari kiasi hubaki kwenye barafu. Ningeanza na vifuko. Na tusisahau, baridi haiui vijidudu: maji ya kuoshea yawe safi.

Kompyuta haijui mlango wa jokofu lako hufunguliwa mara ngapi, hivyo jaribu mwenyewe. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha matokeo yao, na wataalamu wanabishana hadi leo. Wewe weka kifuko kimoja kinene na kimoja chembamba, juisi ile ile, kesho uonje vyote viwili kabla hujapanga bei.