Mfanyakazi Mwenye Mawazo Asikilizwe Kwanza

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mkata mkonge wa hapa Kigombe. Si mtu fulani, ni mfano tu. Bwana huyu alikuwa wa kwanza kufika shambani, na matita yake yalitimia mapema. Sasa ni mwezi wa tatu tangu mtoto wake afariki. Usiku halali. Kazini anachelewa, matita hayatimii, na anagombana na wenzake kwa neno dogo tu. Jioni anakunywa peke yake.

Nyapara anasema, "Huyu kawa mvivu, aondoke." Jirani anasema karogwa. Mwingine anasema ana wazimu. Wote watatu hawajamwuliza mwenyewe.

Huzuni ya kufiwa ni jambo la kawaida, na kwa watu wengi hupungua polepole. Lakini ikikaa wiki nyingi bila kupungua, mtu asile, asilale, asitamani jambo lolote, hapo huenda ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Hauonekani kwa hadubini kama malaria, lakini ni ugonjwa, na unatibika. Tena una hatari kazini. Mkonge una miiba, na kisu cha kukatia ni kikali. Mtu asiyelala siku tatu atajikata. Mvuvi naye, akiwa na mawazo usiku baharini, atawaponza wenzake chomboni.

Jambo hili si geni katika mkoa wa Tanga. Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Baadaye, wakati wa Waingereza, wenye mashamba walianzisha ofisi iliyoitwa SILABU, mwaka 1944, kuandikisha vibarua toka mbali, kama vile Kigoma. Hao ndio manamba. Waliishi kambini, mbali na wazazi wao, mbali na wazee wa kuwashauri. Basi walishauriana wenyewe. Walikuwa na ngoma zao na watani wao. Mtu akifiwa, mtani alikuja na maneno yake ya ovyo mpaka mfiwa akacheka na kula kidogo. Mimi naona ule ulikuwa ushauri wa kweli, ingawa hakuna aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Je, sisi leo tufanyeje? Mwite mwenzako kando, si mbele ya watu. Mwambie ulichokiona: "Ndugu yangu, naona siku hizi hulali. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi wetu mtu akianza kusema tunamkatiza: "Jikaze, wewe mwanamume," au tunaanza kueleza misiba yetu. Usifanye hivyo. Mwache aseme mpaka amalize. Akilia, alie. Na aliyokuambia yasifike kwenye bao wala kisimani. Yakifika huko, hatasema tena kwa mtu yeyote.

Ukimsikia anasema heri afe, usicheke, wala usidhani kwamba kumwuliza kutampa wazo hilo. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Akikubali, asiachwe peke yake. Kisu, kamba na dawa za shambani viwekwe mbali naye, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Sasa tuangalie haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara wote. Siku 63 zinazofuata analipwa nusu. Sheria haikusema ugonjwa wa mwili tu. Lakini lazima alete cheti cha daktari. Asiyekuwa na cheti anahesabiwa mtoro, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Akifiwa na mtoto, mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja, ana siku nne za mapumziko yenye malipo. Kwa kawaida haki hizi ni za aliyefanya kazi miezi sita au zaidi. Kibarua wa msimu naye ana haki ya likizo ya malipo hata kama hajatimiza miezi hiyo, ila wengi hawajui.

Mvuvi wa chombo cha mtu hana cheti wala mshahara wa mwezi. Kwake yeye msaada ni nahodha na wenzake: wampumzishe usiku kadhaa, na wakubaliane kumpa fungu lake, hata dogo.

Safari ya matibabu ianzie zahanati. Wakishindwa watamwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Mkoa wetu pia una Lutindi, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisionari walipaanzisha mwaka 1896 kuwalea watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Pale kufanya kazi ni sehemu ya tiba.

Akipewa dawa, asiache kwa kuwa tu amepata nafuu. Amwulize daktari kwanza. Akirudi kazini, nyapara ampe kazi nyepesi kwa muda, mbali na kisu. Na kile cheti apeleke nakala ofisini, nyingine ampe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, chenyewe akiweke nyumbani mahali pakavu.