Kituruki kwa Mwaka Mmoja: Wenzetu wa Vyuo Vikuu Wanafanyaje?

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hebu fikiria umefaulu mtihani wa kidato cha nne, ukapata ufadhili wa serikali ya Uturuki, ule ulioanza kuitwa Türkiye Bursları mwaka wa 2012. Unashuka Ankara na sanduku lako. Kabla ya kuanza udaktari au uhandisi, unapewa mwaka mmoja ujifunze Kituruki kutoka sifuri. Usipopata cheti cha lugha, ufadhili wenyewe unaweza kukuponyoka.

Sasa utafanyaje? Kukariri maneno, kama tunavyofanya wengi wetu usiku wa kuamkia mtihani, hakutakufikisha mbali. Kituruki hupanga viambishi nyuma ya mzizi, kimoja baada ya kingine. Tazama: ev ni nyumba. Evler ni nyumba nyingi. Evlerimiz, nyumba zetu. Evlerimizde, katika nyumba zetu. Haya, chukua oda, yaani chumba: odalarımızda, katika vyumba vyetu. Mbona -ler imegeuka -lar? Kwa sababu irabu za kiambishi hufuata irabu ya mzizi. Kumbe hata sisi tunafanya hivyo! Tunasema pikia lakini somea, na hakuna aliyetukaririsha tukiwa wadogo. Aliyezoea kuchambua "hatukumwona" ubaoni hana haja ya kutetemeka.

Ndiyo maana walimu wengi wa siku hizi hawaanzi na majedwali. Mwanafunzi hupewa vikadi vya viambishi avipange mwenyewe mpaka neno litimie. Maelezo ya sarufi huyatazama kwa video jioni chumbani, ili saa za darasani ziwe za kuzungumza tu. Wengine huunganishwa wawili wawili: Mturuki anayetaka lugha yako, nawe unayetaka yake. Nusu saa kwa lugha hii, nusu saa kwa ile. Mimi mbinu hii ndiyo naipenda zaidi, maana kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja anakosea, basi nani atamcheka mwenzake?

Halafu kuna hadithi. Kituruki kina jambo moja la ajabu. Geldi ni "alikuja", nami nina hakika. Gelmiş ni "alikuja, nasikia", habari ya kuambiwa. Kanuni hii ikiandikwa ubaoni husahaulika upesi, lakini ndani ya ngano inakaa, kwa sababu ngano za Waturuki hufunguliwa kwa bir varmış, bir yokmuş: ati palikuwepo, ati hapakuwepo. Ni paukwa pakawa yao! Na humo humo irabu zinafuatana, -mış kwa var, -muş kwa yok. Mhusika wao maarufu ni Nasreddin Hoca. Ukisikia vituko vyake utadhani ni Abunuwasi amebadilisha kilemba.

Msamiati nao una jamaa zetu wengi waliotoka kwa Waarabu: kitap, kalem, haber, na dakika ambayo haikubadilika hata herufi. Lakini tahadhari, jamaa wengine hudanganya. Misafir si msafiri, ni mgeni. Na Mturuki akikuambia merhaba, hakuitikii shikamoo, anakusalimu tu. Ukimjibu "marahaba" kama mzee aliyeamkiwa na mjukuu, atatabasamu, akidhani nawe umemsalimu vizuri.