Jeni Mbovu Yenye Heri

Mwaka 2007 watafiti waliandika habari za mwanamke wa Zimbabwe, umri miaka 21, mzima wa afya, ambaye lehemu mbaya katika damu yake ilikuwa miligramu 15 tu kwa desilita. Madaktari wa moyo wakimshusha mgonjwa chini ya 70 hushukuru. Yeye alirithi kwa baba na kwa mama jeni iliyoharibika, iitwayo PCSK9.

Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyonasa lehemu mbaya ipitayo kwenye damu. Kipokezi huzama na mzigo wake, huutua ndani, kisha huibuka kuchukua mwingine, safari baada ya safari. Protini inayotengenezwa na PCSK9 huja ikakigandia. Kikizama hapo, hakiibuki tena: husagwa pamoja na mzigo. Vipokezi vikipungua, lehemu hubaki ikizunguka na kujibandika kwenye kuta za mishipa.

Mwaka 2003 ilibainika kwamba katika baadhi ya familia za Ufaransa jeni hiyo hufanya kazi kupita kiasi, na lehemu yao hupanda mno. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, watafiti wa Dallas, wakaligeuza swali: je, ikilala? Wakapekua takwimu za Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15. Asilimia 2.6 walikuwa na nakala mbovu. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, lakini hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88! Tofauti hiyo si ya kushangaza sana ukikumbuka kwamba mishipa yao ilipata nafuu tangu kuzaliwa, ilhali vidonge vya kushusha lehemu wengi huvianza na mvi kichwani.

Navyo vidonge vya statini vina kasoro yake. Huliamsha ini liongeze vipokezi, ila papo hapo huongeza PCSK9 inayoviangamiza. Ndiyo maana ukizidisha dozi mara mbili, lehemu hushuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi. Tena wapo wenye jeni ya SLCO1B1 isiyoingiza dawa vizuri kwenye ini. Simvastatini, mojawapo ya statini, hujaa kwenye damu yao, na misuli ikauma.

Sindano za kuizuia PCSK9 ziliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Bei ya mwaka mmoja ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 14,000.