Mashine ya kuchapa lebo: kabla ya bei, uliza maandishi yatadumu muda gani

Wajasiriamali wengi vijijini sasa wanafungasha bidhaa zao wenyewe: asali, siagi ya karanga, unga wa lishe, viungo. Lakini chupa ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi imefutika ni hasara tupu. Mwenye duka atairudisha, na mteja hataiamini. Kwa hiyo unapochagua mashine ya lebo, anza na uimara wa maandishi.

Joto au utepe wa wino?

Mashine nyingi ndogo za bei nafuu hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, kama karatasi ya risiti za EFD. Unajua risiti hiyo inavyofifia ikikaa juani. Lebo yake nayo hufifia kwa jua, joto na mafuta. Inafaa kwa bei za rafu, vifurushi, au bidhaa inayouzwa na kwisha haraka.

Aina ya pili hutumia utepe wa wino. Joto huyeyusha wino huo na kuugandisha kwenye lebo, hivyo maandishi hudumu, hasa lebo ikiwa ya plastiki. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo inayofaa kwa asali itakayokaa dukani miezi kadhaa.

Ukitaka kuzitofautisha, kwaruza lebo kwa nguvu kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi, hiyo ni karatasi ya joto.

Kwa ofisi ya shule, zahanati au chama cha ushirika, mashine ya mkononi yenye vitufe na kaseti inatosha kwa faili, funguo na masanduku. Lebo zake ni nyembamba, hazitoshi kuandika viambato vya chakula.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Roli ni bei gani, na zinapatikana wapi? Kwa mfano, roli ya shilingi 15,000 yenye lebo 300 inamaanisha shilingi 50 kwa kila chupa. Uliza pia kama mashine inakubali roli za kampuni nyingine.

2. Inatumia umeme gani? Yenye betri ya kuchaji inakufaa umeme unapokatika.

3. Je, programu yake ya simu inafanya kazi bila intaneti? Zima data, kisha chapa lebo moja palepale dukani.

4. Lebo ina upana gani? Nenda na chupa yako ukapime.

Kama maelezo ya bidhaa yako hayabadiliki, huenda huhitaji mashine kubwa. Chapisha lebo nyingi kwa pamoja kwenye duka la uchapaji, uache nafasi ya tarehe na namba ya toleo, kisha uijaze kila unapofungasha.

Mashine haitoi kibali

Mashine inaweza kuchora msimbo pau wowote, lakini namba yake usijitungie. Kwa Tanzania namba hizo hutolewa na GS1 Tanzania na huanza na 620. Vivyo hivyo, nembo ya TBS huwekwa na aliyepewa leseni tu. Ukiiweka bila leseni, lebo nzuri itakuingiza matatani badala ya kukuletea wateja.