Hewa Ikiingia, Itokee Wapi?

Likasi, mji wa Katanga huko Kongo, iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Mpishi hajali sana. Maharagwe tu ndiyo yanayochelewa kuiva. Anayetaka kujiundia ndege uani kwake hana budi kujali. Mwezi Oktoba, kabla mvua za Katanga hazijashika, jua likifikisha nyuzi 32, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa gramu 990 hivi. Ile ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15, ina gramu 1,225. Karibu moja ya tano ya kipozeo chako haipo.

Injini nyingi za ndege ndogo, kama Lycoming O-320, hazina rejeta. Hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi ya silinda. Kichwa cha silinda kisivuke nyuzi 260, na wanaotaka injini idumu hujitahidi kisizidi 205. Joto likipanda, fundi hukimbilia kupanua matundu ya mbele, na mara nyingi hapo ndipo anapoharibu. Hewa haiingii kwa ukubwa wa tundu. Huingia kwa kuwa ina pa kutokea. Ndani ya kifuniko cha injini hujikusanya juu ya silinda, kisha hushuka kupitia mapezi hadi chini, ambako shinikizo ni dogo. Tofauti hiyo ya shinikizo ndiyo inayoisukuma. Njia ya kutokea ikiwa finyu, hewa hurundikana, na nyingine humwagika nje kwa mbele na kuipunguzia ndege mwendo. Tena hewa iliyopata moto hutanuka, kwa hiyo mlango wa nyuma kwa kawaida huwa mpana kuliko wa mbele.

Kabla ya kushika msumeno, tafuta nyufa kwenye bati zinazozunguka silinda na kwenye ukanda wa mpira unaoziba kati ya bati hizo na kifuniko. Hewa ikipata ufa haitahangaika na mapezi. Kisha pima: chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, utie maji, ncha moja iwe juu ya silinda na nyingine chini. Kimo cha maji kikitofautiana kidogo tu ndege ikiwa angani, hewa haipiti inavyotakiwa. Mimi nakiamini chombo hiki kuliko skrini nyingi za bei kubwa.

Wengine hukimbilia injini ya gari. Mkenya Gabriel Nderitu, aliyejaribu kuunda ndege nyumbani, alitumia ya Toyota, na Likasi injini za Toyota hazikosekani. Lakini rejeta nayo inadai njia ya kutolea hewa nyuma yake, na mfuniko wake usipobana, maji yatachemka mapema. Tena gari hutumia nguvu zote kwa sekunde chache tu, kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Kolwezi. Ndege huzitumia dakika kadhaa mfululizo ikipanda, pua juu, mwendo mdogo, upepo haba. Joto likizidi hapo, shusha pua uongeze mwendo.

Kwa rubani kanuni ni ileile, ila ina mtego. Tundu la hewa safi ubavuni halisaidii kama nyuma ya viti hakuna pa kutokea. Lakini mara nyingi shinikizo ndani ya kebini huwa dogo kuliko nje, na tundu ulilolikusudia kutoa hewa hugeuka kuivuta, pamoja na moshi wa ekzosi unaotambaa chini ya tumbo la ndege hadi mkiani. Gundisha vipande vya uzi wa sufu kwenye kila tundu, uone angani vinaelekea wapi. Ukuta kati ya injini na kebini uzibwe kila panapopita waya.

Gesi ya kuogopwa ni kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na mbabula, jiko la makaa, chumbani. Haina harufu wala rangi. Januari 2019 ndege iliyombeba mwanasoka Emiliano Sala ilianguka karibu na Guernsey, na vipimo vilionyesha gesi hiyo imeteka asilimia 58 ya hemoglobini ya damu yake. Ndege ile ilitoka kiwandani, si uani kwa mtu. Nunua kipimo chenye king'ora. Kadi ya kubadilika rangi inamtaka rubani akumbuke kuitazama, na gesi hiyo huanza kwa kumpumbaza.