Mwanao daktari wa mifugo anapotaka kurudi chuo

Ulimsomesha kwa ng'ombe, mihogo na dagaa wa ziwani. Akakaa miaka 5 Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), akarudi Bunda na shahada ya tiba ya wanyama. Majirani wakaanza kumwita daktari. Leo anakuambia, "Mama, nataka kusoma PhD." Moyoni unajiuliza: huyu hamalizi?

Swali lako ni la haki. Wadogo zake wanadaiwa ada, nawe ulitegemea sasa atashika mkono wa nyumba. Lakini kabla hujakunja uso, jua anakwenda kutafuta nini.

Shahada ya kwanza inamfundisha kutibu. Shahada ya uzamivu, yaani PhD, inamtaka atafute jibu ambalo bado halimo kitabuni. Chukua kichaa cha mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kinga ni kuchanja mbwa, takriban asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Utawafikiaje mbwa wa vijiji vilivyotawanyika? Mtanzania Magai Kaare alilifanyia kazi swali hilo katika uzamivu wake, Chuo Kikuu cha Edinburgh, mwaka 2007.

Likabaki tatizo la friji. Utafiti uliofanyika Tanzania na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa cha mbwa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25. Mwaka 2020, Ahmed Lugelo na wenzake wakaeleza kifaa cha udongo, mfano wa mtungi, kinachopoza chanjo bila umeme. Mpango wa kuweka chanjo karibu na wanakijiji na kuchanja mwaka mzima ukajaribiwa hapa hapa mkoani Mara.

Kwa hiyo elimu hii inaweza kumwokoa mtoto aliyetumwa dukani Butiama, au anayechunga mbuzi pembezoni mwa Musoma. Na mtafiti anayemsalimia mfugaji kwa Kijita au Kizanaki huambiwa mengi ambayo mgeni hayasikii.

Hata hivyo, usibariki kwa macho yaliyofumbwa. Keti naye umuulize:

• Nani analipa? Mradi, mwajiri au mfuko wake?
• Kama ameajiriwa, ana ruhusa ya kusoma kwa maandishi? Mshahara utaendelea?
• Msimamizi wake ni nani, na wanafunzi wake humaliza?
• Swali lake la utafiti ni lipi? Akueleze kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, bado hajajiandaa.
• Itachukua muda gani? Miaka 3 au 4 ni kawaida, na wengi huvuka hapo.

Jibu la kwanza likiwa ni shamba la familia, mwambie asubiri, aendelee kutafuta ufadhili. Majibu yote yakisimama, mwache aende. Halafu waambie ukoo mapema kwamba kwa miaka hiyo michango yake itakuwa midogo, asije akasoma huku simu za lawama zikimfuata.